Mwalimu Aliyetunza Mikao ya Fuwele

Mwalimu alipokuja mara ya kwanza kwenye banda letu la useremala katika mtaa wa Ramadhani, aliagiza masanduku matatu ambayo hayangewekwa kitu. La kwanza alitaka pembe zake zote ziwe wima, lakini urefu, upana na kimo visilingane. La pili alitaka liegemee upande mmoja, kama boksi lililokaliwa na mtu. La tatu alitaka liegemee pande zote. Bosi wangu alimuuliza kama ni ya kuku au ya nyuki. Mwalimu akasema ni ya chumvi. Bosi akacheka, akanisukumia mimi ile kazi, kwa sababu mimi siongei sana na kazi za watu wasumbufu huwa zinaangukia kwangu.

Watu wote wa mtaani tulimwita Mwalimu, ingawa alipohamia kwetu alikuwa amekwisha kustaafu na hakuwa na darasa. Alivaa masweta mawili, la kijivu chini na la bluu juu, na kofia ya sufu ambayo hata jua likiwaka hakuivua. Alitembea upesi, ameinama kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha. Ukimsalimia "kamwene" aliitikia, akapita, halafu akarudi hatua mbili kukuuliza habari za mama yako.

Ile chumvi haikuwa utani. Siku nilipompelekea masanduku alimwaga chumvi ya mawe mezani, akanipa lenzi na kuniambia nitazame. Kila punje ilikuwa na pembe. Akaniuliza ni nani aliyezichonga. Nikazigeuza kwa ncha ya kucha. Akanieleza mwenyewe. Alisema hakuna aliyezichonga. Ndani ya kila punje, vitu vidogo kuliko vumbi, viitwavyo atomu, vimepangwa katika visanduku vilivyo sawa kabisa, kimoja juu ya kingine, kimoja kando ya kingine, kama kreti za soda ghalani. Kitu kilichopangwa hivyo kinaitwa fuwele. Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, na dawa nyingi zikiachwa zikauke taratibu huwa fuwele. Watu wa maabara huipiga fuwele kwa eksirei, wakajua kisanduku chake kina vipimo gani na ndani yake kila atomu imekaa wapi.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nilimwambia hivyo, nikidhani ataacha kunieleza. Alisema basi ataongea polepole, na tangu siku hiyo aliongea nami polepole, bila kupunguza chochote.

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna programu ya kompyuta inayotumiwa bure na watu wa maabara wa nchi nyingi kusoma vipimo vya fuwele. Inatunzwa na watu wachache wasiojuana kwa sura, kila mmoja na kipande chake. Kipande cha Mwalimu kilikuwa mikao.

Kila kisanduku kina kingo tatu. Anayepima huziita wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mmoja ataanza na ulio mfupi kuliko yote, mwingine ataanza na ule uliomjia kwanza. Mpangilio huo wa kuzitaja kingo ndio mkao. Fuwele ni ileile, lakini ukisoma karatasi zao utadhani ni mbili. Kwa hiyo vitabu vikubwa vilichagua mkao mmoja kwa kila aina ya fuwele, vikauita wa kawaida. Programu nyingi zinaujua huo tu. Ukizipa mkao mwingine zinakataa, au zinakubali halafu zinakugeuzia vipimo vyako vyote kimyakimya. Hilo la pili lilimuudhi Mwalimu kuliko wizi.

"Usimgeuze mtu bila kumwambia," alikuwa akisema, na alisema hivyo kwa kompyuta, kwa mafundi bomba, na mara moja kwa mwinjilisti aliyemtafsiria mahubiri vibaya.

Basi akatengeneza jedwali. Lilikuwa na mamia ya mistari. Kila mstari ulisema: mtu akija na mkao huu, ili kufika kwenye mkao wa kawaida fanya hivi, na ili kumrudisha alikotoka fanya hivi. Programu ingefanya hesabu zake kwa njia ya vitabu, lakini mwenye fuwele angerudishiwa vipimo vyake kwa majina aliyoyaandika mwenyewe. Mwalimu alilipenda jedwali hilo kama wengine wanavyopenda shamba. Macho yake yalipoanza kuchoka alininunulia daftari la mistari mipana, akawa ananisomea namba nami naziandika. Mimi naandika pole sana. Hakuwahi kuniharakisha. Alikuwa akitazama dirishani mpaka nifike mwisho, kisha anasema namba nyingine.

Sokoni alikuwa kero. Alisimama mbele ya mafungu ya viazi akitazama jinsi kiazi kimoja kilivyokalia vingine vitatu, na wauza viazi walimjua. Kwenye vitenge ndiyo ilikuwa balaa. Alikunjua kitenge chote mezani, akaweka kidole kwenye ua moja, akamuuliza mwuzaji mchoro unaanzia wapi na kurudia wapi. Mwuzaji akimwonyesha ua, yeye anamwonyesha kwamba angeweza pia kuanzia kwenye jani, au katikati ya nafasi tupu, na mchoro ungekuwa uleule.

"Mama, unanunua au unafanya mtihani?" mwuzaji mmoja alimuuliza.

"Nikifaulu nitanunua," Mwalimu akajibu, na akanunua kweli. Kitenge kile hakukivaa hata siku moja. Alikitundika ukutani, na wageni walidhani ni pazia la dirisha ambalo halipo.

Mtu akimsikia akitetea kila mtu alaze kisanduku anavyotaka, angedhani nyumbani kwake mambo yalikuwa huria. Haikuwa hivyo. Vikombe vyake vilikaa rafuni mikono yote ikitazama mlangoni. Ukinywa chai na kurudisha kikombe kikitazama jikoni, alinyanyuka akakigeuza huku akiendelea na mazungumzo. Kanisani alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la tatu, na mgeni akiikalia, Mwalimu alisimama pembeni yake ameshika kitabu cha nyimbo mpaka mgeni asogee. Nilimuuliza siku moja, baada ya kufikiri kwa wiki nzima jinsi ya kumuuliza, kwa nini vikombe vina mkao mmoja na fuwele zina mingi. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema fuwele ni za watu, lakini vikombe ni vyake.

Kulikuwa na jambo jingine lisilofanana naye. Alinifundisha kwamba fundi anayeficha kosa anaharibu mara mbili. Nikipasua ubao alitaka nimwonyeshe palipopasuka kabla ya kumwonyesha sanduku. Lakini jedwali lake lilikuwa halikosolewi. Mtu akiliuliza swali, uso wake ulifunga kama duka. Nilikuwa nikilijua hilo, na nililichukulia kama vikombe tu, mpaka alipokuja yule dada wa Makambako.

Mwalimu alikuwa amemfundisha zamani, tangu sekondari, na ndiye aliyempa moyo wa kusoma mambo ya fuwele chuoni. Mama yake ana mgahawa Makambako, karibu na yanaposimama malori. Kwa miaka mitatu yule dada alikuwa ameshughulika na dawa chungu iliyotoka kwenye mzizi wa mmea mmoja wa nyanda za juu za Kitulo. Baada ya kuhangaika sana alipata fuwele moja nzuri. Moja tu. Aliipima, na baada ya kupimwa ikapasuka, kwa hiyo vilivyobaki ni vipimo. Kisanduku chake kilikuwa na mkao usio wa kawaida, na Mwalimu alikuwa amemwambia kwa simu asihangaike kuugeuza, atumie ile programu, itamwelewa.

Siku alipokuja kwa Mwalimu mimi nilikuwa pale nafunga rafu ukutani, ndiyo maana nilisikia. Alieleza kwamba molekuli za mimea, yaani atomu zilizoshikana kuwa kitu kimoja, mara nyingi zina mkono, kama viatu. Ya kulia na ya kushoto zina vipande vilevile lakini haziingiliani. Dawa ile ilikuwa imekwisha kujulikana na wataalamu wengine kuwa ya kulia. Majibu yake yeye yalitoka ya kushoto. Msimamizi wake alisema amechanganya chupa, au amechukua vipimo vya mtu mwingine. Asipoeleza vizuri, kazi ya miaka mitatu ilikuwa inafutwa, na yeye pamoja nayo.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama haiwezekani tatizo likawa kwenye programu.

"Mstari ule nimeukagua mara saba," Mwalimu alisema. "Rudi ukaangalie chupa zako."

"Chupa nimeziangalia, Mwalimu."

"Basi ziangalie tena, mwanangu."

Mwalimu alikuwa amemwandalia viazi vya kuchemsha na chai. Yule dada aliangalia sahani, akasema tu, "Haya, Mwalimu," akafunga kompyuta yake akaondoka. Viazi vilibaki. Mwalimu alinipa mimi nivile, nami sikuweza kuvimaliza.

Baada ya miezi kadhaa dereva mmoja aliyekuja kupakia mbao kwetu alikuwa akipiga soga na bosi. Akasema yule binti msomi wa mama wa mgahawa pale Makambako ameacha chuo, siku hizi anakaanga chapati, na chapati zake zina pembe tatu kwa hasira. Watu walicheka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amefuata masalia ya mbao. Aliondoka bila mbao. Jioni ile nilipopita kwake alinipa chai yenye chumvi badala ya sukari. Ya kwake ilikuwa vilevile, na aliinywa yote bila kujua.

Hakulizungumza jambo hilo. Lakini hakunisomea namba tena kwa muda mrefu, na jedwali lilikaa mezani limefunikwa na kitambaa.

Kilichotokea baadaye kilitokana na watoto wa shule. Masista wa misheni moja nje ya mji walimwomba aje awaonyeshe wanafunzi wao mambo ya fuwele. Alikubali, akaniagiza nitengeneze masanduku mawili ya fito, matupu pembeni ili watoto waone ndani, pembe zote wima, kingo tatu zisizolingana. Alitaka ndani kuwe na kitu chochote, watoto waone jinsi kinavyohama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Bandani tulikuwa na kandambili moja ya mguu wa kulia iliyokosa mwenzake, tuliyokuwa tukiitumia kupaka gundi. Nikaiosha, nikatumia hiyo.

Kanuni alinipa mwenyewe, na ilikuwa rahisi. Ukisimama mbele ya sanduku, ukingo wa kwanza uende kulia kwako, wa pili uende mbele, wa tatu uende juu. Nilipigilia kandambili ndani ya sanduku la kwanza, nikapima mahali pa vitu vinne kutoka kwenye kona: kisigino, upande wa kidole gumba, upande wa kidole kidogo, na kifundo cha mkanda juu. Kila kimoja kilikuwa na namba tatu. Kisha nilifungua daftari, nikachukua mstari mmoja wa jedwali, nikabadilisha namba kama ulivyosema, na kwenye sanduku la pili nikapigilia vijiti mahali namba mpya ziliponipeleka. Kandambili ilitakiwa kukaa juu ya vijiti hivyo sawasawa, imelala kwa namna nyingine tu.

Mstari wa kwanza niliojaribu ulikuwa wa kuzungusha kingo zote: wa kwanza unakuwa wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu wa kwanza. Kandambili ilikaa. Mstari wa pili ulikuwa wa fuwele ya aina ya yule dada. Katika aina hiyo, kingo mbili zina tabia moja na mmoja uko peke yake, na vitabu vinataka ule wa peke yake uwe wa tatu. Kwake ulikuwa wa pili. Mstari ulisema tu: badilishana, wa pili uwe wa tatu, wa tatu uwe wa pili, wa kwanza ubaki.

Kandambili haikukaa. Niliigeuza kila upande. Kidole gumba kilikuja mahali pa kidole kidogo. Nikang'oa vijiti, nikapima upya. Kesho yake nikafanya tena, nikidhani mkono wangu umekosea. Mara ya tatu nilimwomba dada yangu kandambili yake ya kushoto. Ilikaa juu ya vijiti kama imezaliwa pale.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sikujua namna ya kuanza. Mwishowe nilibeba masanduku yote mawili mpaka kwake, nikayaweka mezani juu ya kile kitambaa.

"Mwalimu," nilisema, "kandambili imekuwa ya kushoto."

"Umegeuza sanduku."

"Sijaligeuza."

"Ukingo wa pili umeuleta kwako badala ya kuupeleka mbele."

Nikamwambia apime yeye. Alichukua rula yangu akapima, akiinamia karibu sana kwa sababu ya macho, akihesabu kwa Kikinga, lugha ya kwao, kama alivyofanya kila alipokasirika. Alipima vijiti vyote vinne. Alipomaliza alichukua kandambili ya kulia akaijaribu, akaiweka chini, akachukua ya kushoto, ikakaa. Aliisukuma kwa kidole kuona kama itaanguka. Haikuanguka.

Akakaa kwenye kiti.  Akaanza kunieleza, lakini nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Sanduku lenye pembe wima, alisema, ukilitazama kwa nje halina kulia wala kushoto. Yeye alikuwa amekagua masanduku tu, hakuweka kitu ndani. Ukibadilishana kingo mbili bila kugeuza wa tatu, kila kilichomo kinakuwa kama kinavyoonekana kwenye kioo. Ilipaswa pawepo alama ya kutoa kwenye ukingo wa kwanza, uhesabiwe kuelekea kushoto. Alama moja. Na ukaguzi wake wa mara saba ulikuwa wa kwenda na kurudi: anapeleka namba kwenye mkao wa kawaida, anazirudisha, anaangalia kama amepata zilezile. Alizipata kila mara, kwa sababu kitu ukikigeuza mara mbili kinarudi kilivyokuwa. Lakini mkono wa molekuli programu huusoma katikati, kwenye mkao wa kawaida, kabla ya kurudi.

"Yule mtoto hakukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyemgeuza, tena bila kumwambia."

Alama ile aliiweka saa hiyohiyo. Nikapigilia vijiti upya, na kandambili ya kulia ikakaa. Kisha akanifanya nijaribu mistari mingine yote ya kubadilishana, mmoja baada ya mwingine, wiki mbili mfululizo. Miwili mingine ilikuwa na kosa hilohilo. Ile ya fuwele zilizoegemea ilikuwa mizima, maana pale mwenyewe alikuwa mwangalifu.

Tangazo alilowaandikia watumiaji wa programu nilisikia akilisoma kwa sauti. Mwenzake mmoja wa kutunza programu alimshauri aandike tu kwamba hitilafu imerekebishwa. Ni mtu mwema, hakutaka aaibike. Mwalimu alikataa. Alisema hitilafu haina mama, na kosa hili lina mama. Akaandika kwamba mistari ile mitatu aliiandika yeye na kuikagua yeye, kwamba imewageuzia watu molekuli, na kila aliyeitumia arudie hesabu zake. Akamwandikia pia msimamizi wa yule dada, akampelekea vipimo vilevile vikiwa vimepita kwenye mstari mpya. Molekuli ikatoka ya kulia.

Chuo kilimrudisha yule dada, ila kwa kuanza na mwaka mpya, kwa hiyo mwaka mmoja ulikuwa umekwenda. Hayo tuliyasikia kwa msimamizi. Yeye mwenyewe hakumjibu Mwalimu. Mwalimu alimpigia simu, haikupokelewa. Alimtumia ujumbe, ukasomwa, kimya. Nilimwona akiishika simu huku akichungulia, kisha akiilaza kifudifudi mezani. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mtoto ana haki ya kukaa kimya kadiri yeye alivyokaa na mstari mbovu, na hiyo ilikuwa miaka minne.

Mwaka uliofuata miguu yake ilianza kuvimba, na mdogo wake aliyeko Bulongwa akasema aende akakae naye, awe karibu na hospitali. Vikombe tulivifunga kwenye magazeti. Kitenge cha ukutani alimpa bosi wangu, ambaye alikifanya pazia la dirisha lililopo. Wiki moja kabla ya kuondoka alinijia bandani akaniuliza kama naweza kumsindikiza Makambako. Vyuo vilikuwa vimefunga. Hakusema anakwenda kwa nani.

Mgahawa ulikuwa na meza tano na redio. Malori yalikuwa yamesimama nje na madereva wanakula. Mama mwenye mgahawa alimtambua Mwalimu tangu mlangoni. Alifuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Umechelewa."

"Najua," Mwalimu akasema. Nadhani hakuna aliyekuwa anazungumzia chakula.

Yule dada alitoka jikoni, mikono ina unga. Alisimama. Kwetu mdogo hawezi kumwona mkubwa akakaa bila kumwamkia, na madereva waliacha kutafuna wakisubiri shikamoo. Haikuja. Mwalimu naye hakukaa. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mfupi.

"Nimekuandikia," alisema, "lakini maandishi hayatoshi. Nimekuja niseme kwa mdomo. Ulikuja kwangu na ukweli, nikakurudisha ukaangalie chupa. Nisamehe."

Dada alijifuta unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mara saba, Mwalimu."

"Mara saba. Na zote saba niliangalia kitu kimoja."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

Yule dada alitikisa kichwa, na mdomo wake ulikuwa karibu kucheka au karibu kulia, sikuweza kujua. Alisema hata wao chuoni huo ndio ukaguzi wanaofundishwa. Kisha akasogea, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Ndipo Mwalimu akakaa, na madereva wakarudia ugali wao. Mama alileta wali na maharage na mchicha, sahani tatu. Kabla hatujashika vijiko, dada aliingia ndani akatoka na kompyuta. Alisema amepata fuwele nyingine ya mzizi uleule, sehemu nyingine ya dawa, na ukingo wa peke yake safari hii umekuwa wa kwanza. Alikuwa amepanga kuipeleka kwenye programu nyingine kabisa.

Mwalimu alimwambia aipeleke huko, na aipeleke kwetu pia, halafu alinganishe. Dada akamtazama.

"Usinipe jibu," alisema. "Nisomee mstari tu. Hesabu nitapiga mimi."

Mwalimu alinigeukia, nikatoa daftari kwenye mfuko, maana alikuwa ameniambia nije nalo bila kunieleza kwa nini. Macho yake hayakuona tena mwandiko wangu vizuri, kwa hiyo mimi nilimnong'oneza namba, naye akazitamka kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akinisomea mimi. Dada aliziandika nyuma ya karatasi ya bei za vyakula. Alifunga macho, akanyoosha vidole vitatu vya mkono wa kulia, kila kimoja ukingo wake, akavizungusha hewani. Mama alisema chakula kinapoa. Hakuna aliyegusa kijiko. Mwalimu alikuwa ameweka mikono mapajani, anamtazama mwanafunzi wake kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo.

"Mkono unabaki wa kulia," dada alisema mwishowe. "Mstari huu ni mzima."

"Una hakika?"

Dada aliviangalia vidole vyake.

"Sina," alisema. "Ngoja nirudie, lakini kwa njia nyingine."

Mwalimu akavuta kiti chake karibu naye.